Ngoma za Chumvini

Wazee wa mtaa walimkataza Mwanakombo kupiga ngoma harusini, wakidai wanawake wa Chumvini hawakuwahi kupiga. Basi akaenda kwenye nyumba ya nyaraka kujifunza kusoma hati za kale, za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

"Usikisie, dada," Thureya, mtunza nyaraka, alimwambia. "Fuata nukta."

Siku hiyo mstari mzima ukamfungukia: "Sisi wanawake wa Chumvini tunaomba ruhusa ya kupiga ngoma zetu harusini, kama kawaida yetu."

"Kama kawaida yetu!" alipaza sauti.

"Kabla hujashangilia, soma tarehe."

Akaisoma. "Babu yangu alikuwa hajazaliwa!"

Alipokuwa akingoja nakala, vidole vyake vikaanza kupiga meza. Thureya, badala ya kumnyamazisha, akaitikia kwa makofi.