Ukingo wa Jani

Mafuriko ya El Nino yaliacha bwawa hapa Minjila, likajaa mayungiyungi. Macho ya mama yalikuwa na ukungu, kwa hiyo aliyatambua majani yake kwa kidole. Jani likiwa na ukingo laini, tuling'oa kiazi chake tukapike. Likiwa na meno kama msumeno, tuliliacha.

Siku moja nikampa lenye meno makusudi, nimtanie.

Akapitisha kidole ukingoni. "Laini. Ng'oa, Kadii."

"Mama, shika vizuri."

"Acha uvivu! Nilianza kuchuma haya kabla hujazaliwa. Laini."

Meno ya jani yalikuwa yamebonyeza ngozi yake. Hapo nikaona lengelenge kwenye kidole hicho, kubwa, limepasuka, jekundu.

"Mama, umeungua lini?"

"Nimeungua wapi?" akauliza, akinyoosha mkono apewe jani jingine.