Harusi ya Saa Kumi

"Kipindi cha hisabati kiko wapi?" mama mmoja alifoka kwenye simu, wa tisa tangu saa kumi. "Mwongozo wenu unasema hisabati. Wanangu wana mtihani kesho, nyie mnatuonyesha harusi!"

Tunu, mtunza mwongozo wa vipindi kwenye kituo cha runinga, aliufungua mwongozo: saa kumi, hisabati. Hakuna aliyemwambia kwamba ratiba imebadilika.

Mkurugenzi wa kituo akapiga simu, matarumbeta yakilia nyuma yake. "Andika 'Kipindi Maalumu', yaishe."

"Maalumu kwa nani, bosi?"

Simu ikakatwa.

Tunu akaandika: "Harusi ya binti wa mkurugenzi. Hisabati imefutwa." Akautuma mwongozo huo kwenye kila runinga na simu mjini.

Kwenye skrini, mkurugenzi alikuwa akicheza na bintiye. Mgeni mmoja akamsogezea usoni simu yenye maneno ya Tunu. Miguu ya mkurugenzi ikasimama. Matarumbeta yakaendelea.