Madoa ya Paka wa Mwanaasha

Khamisi alimgeuza paka chali, akayakagua madoa ya tumboni, akaguna.

"Bado sijui," alisema.

"Na jana hukujua," Bi Mwahija alidakia huku akipepeta mchele. "Na juzi vilevile."

Walikuwa watatu barazani, pale Kilwa Kivinje: Khamisi, msimamizi wa hoteli moja ya ufukweni kule Masoko, Mwanaasha, mwenye nyumba na mwenye paka, na Bi Mwahija, jirani, ambaye hakuna aliyemwalika. Mwanaasha alikuwa mjane. Eda yake ilikwisha tangu kabla ya Ramadhani, lakini mwanamume haji tu kukaa kwenye baraza ya mjane bila sababu, wala bila mtu mzima wa kutazama. Sababu ilikuwa paka. Mtu mzima alijiteua mwenyewe.

Na sababu yenyewe haikuwa ndogo. Siku ya kwanza Khamisi alieleza kwamba mgeni wa hoteli amepotelewa na mtoto wa paka wa mbegu ya Kizungu, mwenye madoadoa kama chui, aliyeletwa kwa ndege. Alipobisha hodi kwa Mwanaasha kuulizia, alijibiwa kuwa ndiyo, mtoto wa paka yumo, ila amelala, arudi kesho. Aliporudi akamkuta, madoa meusi kutoka usoni mpaka mkiani.

Kama ni wa mbegu, Khamisi ataondoka naye. Kama ni wa kienyeji, paka atabaki, naye Khamisi ataenda zake. Jambo hilo lilimnyima Mwanaasha usingizi. Tangu mumewe afariki, nyumba ilikuwa na ukimya wa kuchosha, na sasa ndiyo kwanza alikuwa na sababu ya kuamka mapema na kufagia baraza. Aliiogopa siku ambayo Khamisi angetamka neno la mwisho.

Bahati nzuri Khamisi hakuwa mtu wa haraka. Kwenye simu yake alikuwa na maelezo ya kila namna. Mkia wa paka wa mbegu ni mnene, kwa hiyo mkia ulishikwa, ukapimwa kwa vidole, ukaachwa uamuliwe siku nyingine. Paka wa mbegu halii kama wa kwetu, kwa hiyo walikaa alasiri nzima wakisubiri alie. Paka akalala. Wao wakanywa chai ya tangawizi, wakala vitumbua, wakaongea juu ya bei ya pweza na ubovu wa barabara, wakacheka mpaka Bi Mwahija akakohoa kwa makusudi. Adhana ya magharibi ikawakuta paka hajasema neno.

"Hili doa la begani," Khamisi alisema sasa, "mbona jana lilikuwa dogo?"

"Mtoto anakua," Mwanaasha alijibu upesi.

"Kweli, anakua," Khamisi akakubali, upesi vilevile. Akachungulia simu. "Hapa wanasema wa mbegu haogopi maji. Tumtie kwenye beseni tuone."

"Maji hapana!" Mwanaasha alimnyakua paka. "Ana mafua."

Bi Mwahija akauweka ungo chini. Alimpenda Mwanaasha kama mwanawe wa kumzaa, na alichoka kuona anatiwa roho juu kila siku na mtu asiyejua kuamua.

"Nimemwita daktari wa mifugo," alisema. "Leo itajulikana."

Khamisi na Mwanaasha wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamenywea.

Dokta Fidelis hakukawia. Aliegesha pikipiki, akamwamkia Bi Mwahija shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakabidhiwa paka pamoja na habari zote za mgeni, hoteli na mafua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Khamisi.

"Hoteli yenu? Mbona nimetoka hukohuko asubuhi hii kuchanja mbwa wa ulinzi? Bosi wako hataki kuona paka hata picha. Hajapata kupokea mgeni mwenye paka."

Khamisi alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Kumbe hakuna paka aliyepotea?" Bi Mwahija aliuliza.

"Hakuna, Bi Mwahija. Nisamehe. Nilitaka tu kuja, na sikuwa na la kusema mlangoni."

"Mwongo mkubwa wee!" Bi Mwahija alisimama. "Umemhangaisha mtoto wa watu kwa paka wa kubuni! Mwanamke wa watu hajui hila, kakuamini, kakupikia na vitumbua! Chukua kofia yako ya pikipiki uondoke, na nisikuone tena mtaa huu!"

Khamisi alichukua kofia. Alimwomba radhi Mwanaasha bila kuthubutu kumtazama, akashuka ngazi taratibu. Mwanaasha aliinuka nusu, akakaa tena.

"Haya, maadamu nimeshafika," Dokta Fidelis alisema kwa aibu ya kuharibu shughuli, "nimtazame hayo mafua."

Alilowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, akampangusa paka puani, kisha shavuni. Pamba ikatoka nyeusi. Akaitazama, akachukua nyingine, akapangusa shingo, akapangusa bega. Alipofika mkiani, paka alikuwa mweupe pe.

Bi Mwahija alimtazama paka. Akamtazama Mwanaasha, ambaye alikuwa ameuficha uso wote ndani ya mtandio.

"Khamisi!" Bi Mwahija aliita. "Hebu rudi ukae."