Soksi ya Kulia

Soksi ya kushoto ilitoka bila shida. Ya kulia iligoma.

Mama wa mtoto alicheka moyoni. Kila siku mama mkwe wake akiingia wodini humbinya mjukuu paja na kusema, "Mume wangu anapata mwili." Na kwa mtoto aliyezaliwa njiti, anayeishi kwa mrija uliopitishwa kinenani hadi kwenye mshipa mkubwa, kupata mwili si jambo dogo.

Akaivuta soksi taratibu. Mpira wake ulikuwa umeacha mfereji mwekundu kuzunguka kifundo. Kifundo cha pili hakikuwa na alama yoyote.

"Nesi, ona anavyonenepa."

Nesi aliacha dripu aliyokuwa akiibadilisha, akailaza miguu sambamba. Wa kulia, ule wenye mrija, ulikuwa umejaa, unang'aa, rangi yake ikielekea zambarau.

"Mtoto hanenepi mguu mmoja, dada," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa njiani. "Damu imeganda mshipani, kando ya mrija. Mguu huu usibinywe kabisa. Bonge likibanduka litapanda mapafuni. Namfuata daktari."

Alitoka haraka, akapishana mlangoni na mama mkwe, aliyekuwa akipangusa mikono, uso umejaa bashasha.

"Haya, mume wangu yuko wapi nimsalimie?" Vidole vyake viwili vilishatangulia.

Tangu aolewe, mama wa mtoto hakuwahi kumkatalia mama huyu neno. Aliudaka mkono ule hewani, na hakuuachia.