Boga la Upande wa Pili

Mchicha ulikaushwa na jua, nyanya zikaliwa na viwavi. Kwa Mwatime ulisalia mmea mmoja wa boga, nao ulikuwa umeuparamia ukuta ukaangukia, pamoja na boga lake changa, uani kwa jirani yake, Chausiku. Hawakuwa wakisalimiana tangu Mwatime alipomvunja mguu kwa jiwe kuku wa Chausiku aliyemfukulia miche.

Asubuhi moja Mwatime alisikia panga likifyeka upande wa pili. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia.

"Jirani, tafadhali! Boga langu hilo!"

Chausiku aliinua uso uliolowa jasho. Magugu yalikuwa yamelala miguuni pake, na kuku kilema akichechemea humo akitafuta wadudu.

Boga changa halionyeshwi kidole. Likionyeshwa, huoza kabla ya kukomaa. Anayelitakia mema huelekeza ngumi. Hata watoto wa mji ule walilijua hilo.

"Lipi?" Chausiku aliuliza, na mkono wake usio na panga ukaanza kuinuka. "Hili?"

Mwatime alifumba macho. Alipoyafumbua, mkono ulikuwa bado umelielekea boga, vidole vyote vimekunjwa, na gumba limefichwa ndani.