Mama Mzazi Hukaa na Mwanawe

"Kiti hicho ni cha wageni," Beverly alisema. "Wewe simama."

Khalayi alisimama, mtoto mgongoni, mbele ya kamati iliyogawa msaada wa kulipia malezi ya mchana kwa familia za Lubao zenye kipato kidogo. Beverly ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa amevaa kitenge kipya na mkufu mzito, kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Kila mama aliyeingia alimtazama kuanzia miguuni, na macho yake hayakuwa na haraka ya kufika usoni.

"Ukienda kazini, mwanao hushinda wapi?" aliuliza Mzee Erastus, mjumbe wa kamati.

"Anashindanga kwa jirani, mzee. Jirani huyo anakaanga samaki kando ya barabara. Juzi mafuta yalimrukia mtoto mkononi, ngozi ikachubuka. Nikipata nafasi kwa Navalayo, pale wanapolea watoto, atakuwa salama. Lakini ada yake siiwezi."

"Pole sana, binti yangu. Na huyo aliyekuajiri, anakulipa..."

"Mambo ya mwajiri hayatuhusu, mzee," Beverly alidakia.

Mtoto alijinyoosha kutoka mgongoni, akaunyooshea mkufu wa mwenyekiti mikono yake miwili, minene, laini, isiyo na doa. Uso wa Beverly ulilegea kidogo. Kisha akamkumbuka aliyembeba.

"Nyinyi mna mazoea mabaya. Mnazaa, kisha mnazunguka mkitafuta wa kuwalelea. Mama mzazi hukaa na mwanawe. Asiyeliweza hilo angefikiri kabla ya kuzaa."

"Nafanya kazi, Madam."

"Nani hafanyi kazi? Mtoto akiungua, hakuunguzwa na mafuta. Ameunguzwa na wewe."

Khalayi aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshikilia mtoto.

"Bi mwenyekiti," Erastus alisema, "mimi naona huyu anastahili kuliko wote tuliowasikiliza leo."

"Tukimpa huyu, mzee, kesho watatujia hata akina mama wa kule Khayega, kila mmoja na kilio chake." Beverly alimgeukia Khalayi. "Nilikwambia mapema: katika ofisi hii simjui mtu. Ombi limekataliwa."

Khalayi alikaza leso, akashukuru kama alivyofunzwa na wazazi wake, akageuka.

Beverly alimfuata hadi mlangoni. Alitoa kitambaa cheupe katika mkoba wake, akampangusa mtoto kamasi taratibu, kisha akashusha sauti ili Erastus asisikie.

"Sasa mrudishe mwanangu nyumbani, umpe uji wake. Mimi nitachelewa. Na usithubutu kumwacha na jirani."