Uzito wa Bwana Mkubwa

Mama Pazia alisukuma ile mashine ya mazoezi ya miguu mara mbili tatu, akafungua mkanda kiunoni, akashuka kama abiria aliyegundua kapanda basi lisilo lake.

"Hii hapana, Kocha."

"Mama, humu ndani hakuna iliyo salama kuliko hiyo. Inakushika mgongo, inakushika kiuno. Kazi yako ni kusukuma tu."

"Ndiyo ubaya wake. Kwenye ngazi nani atanishika kiuno?"

Vijana waliokuwa wakijitazama kwenye kioo, wenye vifua vipana na miguu ya njiti, wakaangua kicheko. Kocha naye alicheka, ila roho ilimuuma kidogo. Zile mashine alizipigania mwenyewe hadi zikaletwa. Kwake mjadala ulikwisha zamani: mwenye umri na magoti mabovu akae kwenye mashine, vyuma vya kunyanyua waachiwe wenye damu moto.

Lakini huyu mshona mapazia hakuja kutafuta umbo, na hilo alilisema siku aliyojiandikisha. Mwanawe wa pekee alizaliwa na miguu isiyoweza kusimama. Utotoni alimbeba mgongoni, akishona naye, akienda naye sokoni. Mtoto akakua, akaota ndevu, akawa mzito, mama akazeeka. Nyumba yao iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Alimpa jina la Bwana Mkubwa, kwa sababu hata kuiona barabara ilikuwa lazima abebwe kama mfalme.

"Nataka nguvu za mapaja," alisema. "Nimbebe mwanangu nishuke naye ngazi zote, magoti yasitetemeke."

"Basi mashine itakupa mapaja."

"Itanipa mapaja ya kukaa. Mashine inakwenda na kurudi njia yake ile ile. Bwana Mkubwa hana njia. Akicheka huyumba. Akiogopa hujikaza kama gogo, halafu ghafla hulegea mwili mzima. Hiyo mashine yako inalegea?"

Kocha akaenda pembeni, akaburuta mfuko wa mchanga, ule wa turubai ambao kila ukiunyanyua mchanga hukimbilia upande mmoja.

"Haya, ukumbatie huu. Chuchumaa, kisha simama nao."

Mama Pazia alipitisha mkono mmoja chini ya mfuko na mwingine juu, kana kwamba kuna shingo pale. Akasimama. Magoti yalimcheza, jasho likamtoka.

"Ongeza mchanga," alisema.

Akawa haji kwa ajili ya kitu kingine. Kila mchanga ulipoongezwa, alitetemeka siku kadhaa, kisha akauzoea. Wengine walikuwa wakimaliza wanabwaga vyuma chini na kupiga ukelele wa ushindi. Yeye aliushusha mfuko polepole mno, akauweka sakafuni kama anayemlaza mtu aliyepitiwa na usingizi, ndipo akapumua.

Siku moja kijana mmoja alizidiwa, chuma kikamponyoka, kikaanguka kwa kishindo kilichotikisa vioo. Mama Pazia aliganda. Halafu akaenda bafuni, akakawia huko, akatoka uso umelowa. Kocha alimshukia kijana kwa maneno makali.

"Usimgombeze," Mama Pazia alimkatiza. "Hakutaka. Uzito ulimshinda tu."

Kocha alianza kumpenda kama shangazi. Akimwona amekawia hadi ukumbi unafagiliwa, humtania, "Nenda nyumbani, mama, Bwana Mkubwa atakushitaki." Naye hujibu kwamba mdogo wake yupo nyumbani, kisha huchuchumaa tena.

Mwishowe mfuko ulijaa. Ulikuwa na uzito ule ule wa Bwana Mkubwa, alioutaja siku ya kwanza. Mama Pazia aliukumbatia, akasimama nao wima, akaenda hadi kwenye ngazi za ukumbi. Vijana waliacha vyuma vyao. Alipanda, akageuka, akaanza kushuka. Katikati mchanga ulihamia upande mmoja, mfuko ukamvuta, kila mtu akabana pumzi. Mapaja yakakaza. Akaendelea kushuka hadi chini.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Yeye aliulaza mfuko, akapiga magoti kando yake, mkono wake juu ya turubai, akalia kilio kisichobembelezeka.

"Umeweza, mama!" Kocha alimwambia, naye machozi yakimlenga.

"Kumbe inawezekana," Mama Pazia alisema. "Kumbe inawezekana kabisa."

Jumapili iliyofuata, Kocha na vijana wawili waliazima kiti cha magurudumu na kwenda kwake bila kumwambia. Walikiacha chini, wakapanda hadi ghorofa ya tatu, wakihema na kutaniana kuhusu miguu yao. Mlango ulifunguliwa na mdogo wake, akiwa na taulo la jikoni begani. Nyuma yake, chumbani, cherehani ilikuwa ikikwenda.

"Tumekuja kumsaidia dada yako," Kocha alisema, tabasamu limemjaa. "Yeye atambeba, sisi tutatangulia chini yake, endapo atachoka. Leo Bwana Mkubwa anashuka kuona barabara."

Yule mwanamke alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake hadi sauti ya cherehani ikafifia.

"Kocha, Bwana Mkubwa tulimzika kabla dada hajakanyaga huko kwenu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa amembeba, wanashuka ngazi hizi hizi, magoti yakamwishia nguvu."